Mate ya Susu

Siku yangu ya pili ya kufundisha chekechea, mtoto wa miaka minne alimtemea mwenzake mate kwenye kiganja, nami nilikuwa nimesimama karibu nao na kikombe cha uji mkononi. Hakutema kwa hasira, na hilo ndilo lililonishangaza. Alimshika mwenzake mkono, akaugeuza kiganja kikatazama juu, akatema kidogo sana, ptu, kama mtu anayetoa unywele ulimini. Kisha akavikunja vidole vya yule mwenzake na kumrudishia mkono wake. Mwenzake akakimbia kwenda kucheza. Hakulia wala hakuja kushtaki.

Chuoni tulifundishwa la kufanya mtoto akiuma, akipiga au akinyang'anya. Kuhusu mtoto anayetema mate kwa upole, sikukumbuka kufundishwa lolote.

Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Kitui. Mimi nimetoka upande wa Kibwezi, nina digrii ya malezi ya watoto wadogo, na nafasi niliyopewa ilikuwa ya muda tu. Kwa hiyo kila jambo lililotokea darasani nililibeba mpaka kitandani. Msichana huyu nilimbeba kuliko wengine. Nilipoita majina asubuhi hakuitika lake. Nililiita kwa sauti ya chini, nikaliita kwa sauti ya juu, naye akanitazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri niyamalize mambo yangu. Nikafikiri labda hasikii. Nikadondosha mkebe wa vifuniko vya soda nyuma yake. Aligeuka kabla ya watoto wengine wote. Ningepaswa kufurahi, lakini nilipata wasiwasi mpya: basi anasikia na hataki kuitika. Kwa nini? Nimemkosea nini katika siku mbili?

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliniita nje ya mlango.

"Mwalimu, kuna mama amenipigia simu. Anasema mtoto wake anatemewa mate hapa. Na unajua vile homa imezunguka."

"Hatemi vibaya, Madam."

"Kuna kutema vizuri?"

Nilikuwa na picha tu, ya vile vidole vinavyokunjwa.

"Ongea na watu wa kwao," akasema. "Nikisikia tena, atakaa nyumbani hadi mwaka ujao. Akikomaa ataacha."

Nilijua maana ya mwaka ujao. Kwa mtoto wa umri huo, mwaka mzima ni sehemu kubwa ya maisha yake, na ndio kwanza alikuwa ameanza kukaa mkekani na wenzake. Wiki ya kwanza alikuwa akikalia kiti changu.

Basi nikaanza kumchunguza. Sikutaka kumkataza kabla sijajua ninakataza nini. Nikagundua kwamba hatemi akinyang'anywa kitu, wala akisukumwa. Anatema mtu akitaka kuondoka. Mtoto akienda nyumbani, akienda kukimbia mbio, hata akienda choo cha mbali kule nyuma ya tangi. Wengine walimfuata wenyewe na mikono wazi. Mvulana mmoja alikuwa ameshafika langoni, akasimama, akajipiga kipaji cha uso, akarudi mbio kutemewa.

Nikamuuliza, "Kwani ukitemewa inakuwaje?"

Alinitazama kwa huruma. "Ticha, huanguki."

Siku hiyo baada ya masomo nilimsindikiza yule msichana kwao. Mama yake huuza mboga sokoni mpaka jioni, kwa hiyo niliyemkuta ni babu yake, akikaza waya wa banda la kuku. Alipotuona aliacha koleo, akapangusa kigoda kwa kofia yake. Nikasogea nikae. Aliyekaa ni msichana.

"Mke wangu," mzee akamwambia, "umeniletea mgeni na hukunipigia simu nichinje kuku!"

"Simu yako haina chaji," msichana akajibu.

"Ona sasa. Hata mbele ya mwalimu wake ananiaibisha." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanitafutia kigoda kingine.

Kabla sijaeleza kilichonileta, kijana akatoka ndani ya nyumba na begi mgongoni. Huyo ni mjomba wake msichana, nikaambiwa, na alikuwa anakwenda Emali, ambako alikuwa amepata kazi ya utingo kwenye lori. Mwanamume mrefu, mwenye ndevu. Akaja mpaka kwenye kigoda, akainama, akaifungua mikono yote miwili mbele ya mtoto.

"Susu, naenda."

Msichana akatema kidogo kwenye kiganja kimoja, kisha cha pili. Akavikunja vidole vile vinene, vyote kumi, bila haraka. "Enda polepole," akasema. Mjomba akajipaka kifuani, akaondoka.

Susu. Kwetu Ukambani ndivyo tunavyomwita bibi.

"Amerithi jina la marehemu mke wangu," mzee akaniambia. "Mwenyewe hakuwa anamwacha mtu atoke hapa bila baraka ya mate yake. Hata mkaguzi wa mifugo alitemewa. Sasa kazi ni ya huyu."

"Na lile jina la shuleni?"

"Hilo alilichagua mama yake wakati wa kutafuta cheti cha kuzaliwa. Ni zuri. Sisi hatulitumii."

Njia nzima ya kurudi nilijishangaa. Mimi pia nimepewa jina la bibi, mzaa mama, na mpaka leo mama yangu akinipigia simu huniita Mama, na hakuna mtu kwetu anayeona ajabu. Nilipokwenda chuo, dada wa babu yangu alinitemea kiganjani, nami nikajifuta kwenye sketi, kwa sababu kanisani kwetu watu huombewa, hawatemewi. Nilikuwa na jibu mkononi muda wote, nikaenda kulitafuta kwa mkebe wa vifuniko vya soda.

Asubuhi nilimweleza mwalimu mkuu. Alisikiliza bila kunikata.

"Mimi ni Mkamba, mwalimu. Mate nayajua," akasema. "Lakini mama aliyepiga simu hayajui. Na homa pia haijui."

Alikuwa sahihi. Nikaomba anipe siku hiyo moja tu, akakubali, akasimama mlangoni kutazama.

Niliketi mkekani. "Susu," nikaita.

Aligeuka papo hapo. "Ee."

Nikamsalimu kwanza, kama ambavyo ningemsalimu bibi. Nikamwambia kuna homa, na mate huibeba kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na mimi sijui tufanyeje. Alivitazama viganja vyake. Nilianza kufikiri kwamba swali langu lilikuwa kubwa mno, kwamba ningepaswa kumpa mambo mawili achague, kwamba mwalimu mkuu ameshaamua.

"Maji," akasema.

Akaenda kwenye bomba la tangi, akalowesha vidole, akarudi na kumdondoshea yule mvulana aliyerudi mbio kutoka langoni tone moja kiganjani. Mvulana akalichungulia.

"Hii ni maji tu."

"Ni ya Susu," akamjibu, akimkunja vidole. "Nenda."

Akaenda. Hakuanguka.

"Hayo sawa," mwalimu mkuu akasema, akarudi ofisini.

Siku hizi nikiita majina naita la shuleni, halafu naongeza Susu. Juzi aliitika kabla sijafika kwa Susu, nami nikakesha nikijiuliza kama nimempa kitu au nimempokonya.

Wiki iliyopita niliitwa mjini kwa usaili wa nafasi ya kudumu. Nilikuwa nimepanga majibu ya maswali ambayo hakuna binadamu angeyauliza. Nilipobeba mkoba, Susu alinifuata mpaka langoni. Nikafungua kiganja, nikamwonyesha bomba la maji.

Alilitazama bomba, akanitazama mimi, akatema.

Sheria yetu ilihusu watoto, nikajiambia, nikakunja vidole na kwenda hivyo mpaka mjini. Sikujifuta.