Asubuhi Ambayo Breki Hazikulia

Juma lililopita mjukuu wangu alilaza gari lake uani, mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi alipolisogeza likatoa mkwaruzo uliowakurupusha kuku wote. Akarudi ndani kwangu mimi bibi yake, uso umemshuka. "Koko, mafreni imekufa." Nikamwambia aende polepole hadi barabarani, akanyage breki kidogo, aachie, akanyage tena. Ni kutu ya usiku mmoja, inajifuta yenyewe. Alirudi akicheka, akataka kujua bibi ambaye hajawahi kushika usukani alijifunzia wapi mambo ya breki. Nilijifunzia hapahapa Uvira, rafiki yangu, kwa kosa.

Miaka ya hamsini baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa sokoni. Alipakia chumvi na ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akapita Luvungi na Kamanyola, kisha akapanda milima kwenda Bukavu. Kupanda hakukumtisha. Kilichomtisha ni kushuka, maana njia ilikuwa nyembamba na kando yake ni korongo tu. Magari ya wakati ule hayakuwa na visahani vya breki kama vya leo. Ndani ya kila gurudumu mlikuwa na kitu kama chungu cha chuma, madereva wakikiita tamburi, na breki ilikibana kwa ndani. Masika, kwa unyevu wa ziwa letu, chuma hicho kilishika kutu usiku mmoja. Kwa hiyo baba alipotoka alfajiri tulisikia breki zikilia hadi njia panda. "Inatapika kutu yake," mama alikuwa akisema, na kurudia moto wake. Kelele ile ndiyo iliyoniamsha utoto wangu wote, na niliipenda.

Mwaka mama alipomzaa kitinda mimba wetu, bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Luvungi kumtunza. Nyumba ikanukia uji wa mtama na mawese. Bibi na baba hawakuzungumza ana kwa ana. Mkwe ni mkwe. Baba akiwa na neno aliniambia mimi, na bibi akajibu kupitia kwangu, ingawa kati yao palikuwa na ukuta wa matete tu na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mtu mkubwa.

Jumapili moja baba alifungua magurudumu, akatoa tamburi zote nne, akazisugua kwa msasa zikang'aa, akazipanga kwenye mkeka. Mara tajiri akamwita. Bibi akatoka jikoni akaziona. Kwao jembe, panga na chungu cha chuma havilazwi bila kupakwa mafuta. "Chuma kizuri hivi kitaliwa na hewa ya ziwa," alisema, akatungua kibuyu chake cha mawese. Mimi nilikuwa nimemsikia baba mara nyingi akisema mafuta ni adui wa breki. Nilijua. Lakini mtoto hamsahihishi bibi yake, basi nikashika kitambaa, tukazipaka kwa ndani na kuzifuta vizuri.

Baba alirudi mawingu yameshatanda. Alipaka ekseli grisi kwanza, kwa hiyo mikono yake ilikuwa tayari inateleza alipozirudisha tamburi mbiombio. Hakuhisi kitu, nami sikuthubutu kumchongea bibi.

Alfajiri lori likatoka. Nikatega sikio. Kimya.

"Leo hailie," mama alisema kitandani. "Alisafisha muzuri." Bibi akatabasamu juu ya chungu cha uji. Lori tupu, mahali tambarare, lingesimama. Likiwa na magunia, kwenye miteremko ile, lisingesimama. Nikatoka mbio bila kunawa uso hadi dukani kwa tajiri, nikamkuta baba anafunga turubai juu ya mzigo.

"Baba, mu tamburi muko mawese."

"Nani alipakala?"

"Ni minye."

Alipiga jeki, akafungua gurudumu moja, akapitisha kidole, akakinusa. Mkono ukainuka, akaniangalia. "Weye? Kile kibuyu kiko juu. Mukono yako haifike." Akaushusha mkono, akaketi juu ya gurudumu, akayatazama magunia yote yale juu ya lori, kisha njia ya milimani. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiogopa. Heri angenipiga.

Tajiri alifoka sana, lakini safari iliahirishwa. Baba alikuja nyumbani na tamburi zake, akasimama uani, akaupa ukuta wa jiko mgongo. Akaniambia kwa sauti ya kufika kwa jirani: "Umuambie ule muntu alipakala, sina kasirani naye. Umuambie tu, hii chuma haiko chungu. Inapenda kukauka."

Bibi akajibu kutoka jikoni: "Umuambie mukwe yangu, majivu iko, maji ya moto iko. Alete bile byungu byake."

Alizisugua mwenyewe kwa majivu, moja baada ya nyingine, hadi harufu ya mawese ikaisha. Machozi yalimtoka, akasema ni moshi.

Kesho yake lori lilitoka likilia vibaya mno, maana tamburi zilikuwa zimelala na unyevu. Bibi alisimama mlangoni hadi sauti ikapotea. "Inalia," aliniambia. "Umuambie inalia." Lakini baba alikuwa ameshakwenda, na aliporudi siku ya nne, mzima, furaha ilinisahaulisha.

Bibi alifariki kwao Luvungi. Baba alikufa mzee, kitandani, na kwa dereva wa njia ile hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Ukuta wa matete haupo. Siku hizi mkwe na mkwe wanapigiana simu na kutaniana, wala hakuna mtoto anayetumwa kubeba maneno yao. Mimi mvua ikinyesha naamka mapema nikakae mlangoni. Gari la mjukuu wangu likilia hadi njia panda, namkumbuka bibi. Maneno yote niliyotumwa kati ya wale wawili niliyafikisha, isipokuwa lile moja.