Msumari wa Mkonge

Ukitaka kumwona Salme binti Bwanaheri, Mama Sumayya wa dukani, akiwaka, mwambie neno moja tu: "Nilidhani umeshaambiwa." Basi, umejitafutia. Atakupandisha na kukushusha mbele ya wateja wote, na sukari uliyofuata utapimiwa akishatulia, kama atatulia. Neno hilo "nilidhani" Salme alilichukia kuliko panya wa ghalani kwake.

Wala hasira hiyo haikuwa ya bure. Mwaka ule wa tisini na saba, simu za kutegemewa na watu wa kawaida upande wetu ule wa Voi zilikuwa tatu. Moja ya duka la Salme, nyeusi, nzito, ya kuzungusha, aliyoachiwa na babake pamoja na mizani na rafu. Moja ya stesheni. Moja ya ofisi ya Shamba la Ndarani, kule mkonge unakoanza. Ile ya kibanda cha barabarani ilikuwa pambo, mkono wake umekatwa zamani na mtu asiyejulikana kwa kazi isiyojulikana. Sasa mwenye kutuma habari huko Mombasa au Bungoma haamini simu moja. Anapiga dukani, akimaliza anapiga ofisini, na akiweza anapiga stesheni pia. Habari moja imeingia mahali patatu, na kila aliyeipokea anakaa akijua mwenzake atafikisha. Mtu amezikiwa babake huko kwao, naye yuko hapa anakata mkonge huku akipiga mluzi. Wallahi yametokea, tena si mara moja.

Ndiyo sababu marehemu Mzee Bwanaheri aligongomea misumari minne kwenye mlango wa nyuma wa duka: wa Marungu na wa Wusi huko milimani, wa Reli, na wa Mkonge. Simu ikilia, habari huandikwa kwenye karatasi na kutungwa kwenye msumari wa upande wake. Anayeelekea huko hupewa nakala ampelekee mwenyewe, lakini karatasi yenyewe haitoki msumarini. Haitoki mpaka aliyetumiwa habari aje asimame pale, aiseme yote kwa mdomo wake, kisha amalizie, "Nimeupata." Hapo ndipo ujumbe umefika. Watu wa milimani walicheka mwanzoni, eti Mwarabu anatusomesha kama watoto wa madrasa. Baadaye walizoea, na wakongwe wa Marungu walifika wakikariri tangu mlangoni, kabla hata ya salamu.

Salme alilishika jambo hilo kama alivyoshika sala zake. Miaka tisa hakuwahi kutoa karatasi ambayo mwenyewe hajaisema.

Mpaka ile Jumanne.

Jumanne hiyo alipiga mama mmoja kutoka chuo cha unesi huko Mombasa. Salme akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Quinter Wabwire. Intaviu ya unesi, Alhamisi saa tatu asubuhi. Aje na vyeti vyote." Chini yake akaandika namba ya chuo. Akajaa furaha. Quinter alikuwa bintiye Nanzala, mkata mkonge wa Ndarani, mjane kutoka Busia aliyemsomesha mtoto mpaka kidato cha nne kwa viganja vilivyochanwa na miiba. Tangu matokeo yatoke, Nanzala alikuwa akipita dukani kila wiki kuuliza kama chuo kimesema chochote, na kila wiki akirudi vile vile. Fomu ilitaka namba ya simu. Quinter akaandika mbili, ya duka na ya ofisi ya shamba, ili isije ikakosekana njia.

Salme alitunga karatasi kwenye msumari wa Mkonge, akatazama barabarani. Siku hiyo hakuna aliyepita kuelekea Ndarani. Ilipofika saa kumi jioni subira ilimwisha, akapiga simu ofisini. Akapokea Silvanus, karani.

"Bwana Silvanus, yupo huko mtoto wa Nanzala? Nina habari yake ya chuo."

"Ah, hiyo ameshaambiwa, Mama Sumayya. Sisi tulipigiwa jana. Nimeshaweka alama kwenye rejista."

"Ameambiwa?"

"Imeisha hiyo, mama. Usijisumbue."

Salme akashukuru Mungu. Na kwa sababu alikuwa amefurahi, na kwa sababu kulikuwa na watu watatu wanangoja unga, akanyoosha mkono, akaitoa karatasi msumarini, akaitia kwenye kopo la zilizokwisha.

Alhamisi, jua linakaribia utosini, Nanzala akaingia dukani. Amemaliza mafungu yake ya siku, panga limefungwa gunia, anataka sabuni ya mche na chumvi. Salme alimpokea kwa kicheko.

"Karibu, mama nesi! Haya, mtoto aliondoka salama?"

"Kuondoka kwenda wapi?"

"Mombasa, jamani. Intaviu."

Nanzala akaiweka chumvi chini. "Quinter iko nyumbani, anafua," alisema. "Intaviu gani?"

La haula! Salme akageuka. Alitazama saa ya ukutani: saa sita kasorobo. Saa tatu ilishapita, wasichana wengine wameshakaa, wameshaulizwa, wameshatoka. Nanzala hakupiga kelele. Aliketi juu ya gunia la maharagwe akaanza kuuliza polepole, iliingia lini, nani alipokea, na kwa nini yeye ambaye kila wiki anapita hapa hakuambiwa. Kila swali lilimchoma Salme, na kila lilipomchoma, ghadhabu yake ilikimbilia Ndarani.

"Silvanus!" akafoka. "Karani gani huyu! Amenihakikishia kwa mdomo wake! Mpuuzi mkubwa, ameketi kwenye kiti cha kuzunguka anachora alama! Twende, Nanzala. Twende sasa hivi, leo atanitambua."

Alichukua lile kopo, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo jirani zake hawakuwahi kuliona isipokuwa siku ya maziko, akasimamisha pikapu ya shamba iliyokuwa ikirudi na dizeli. Njia nzima alisema peke yake. Nanzala alikaa pembeni yake, sabuni mkononi.

Silvanus alikuwa anakunywa chai. Aliwaona, akatabasamu, masikini, hakujua.

"Nionyeshe hiyo alama yako," Salme alimwambia.

Rejista ikafunguliwa. Mistari imepigwa kwa rula, wino mwekundu na wa bluu, kitabu kizuri ungesema cha serikali. Jumatatu: Quinter Wabwire, intaviu. Pembeni yake, alama.

"Ulimwambia nani?"

"Yule mama wa chuo alisema atapiga na dukani pia," Silvanus alijibu. "Nikajua ikishafika kwako imefika. Nyinyi ndio mna misumari. Hapa sisi matangazo tunasoma siku ya mshahara, watu wakiwa kwenye foleni."

"Siku ya mshahara! Intaviu ya Alhamisi unaisoma mwisho wa mwezi! Mtoto akifiwa utamwambia akiwa na wajukuu?"

"Mama, usinipigie kelele ofisini."

"Nitapiga! Nitapiga mpaka meneja atoke! Yaani wewe umeniegemea mimi, mimi nimekuegemea wewe, mtoto wa watu kaanguka katikati, nawe unakunywa chai!"

Silvanus akaweka kikombe. Uso wake ulikuwa umebadilika sasa, na alipomwona Nanzala mlangoni alitazama chini. Akatuma mtu kambini kumwita Quinter. Salme hakungoja ruhusa. Alivuta simu ya ofisi, akasoma namba kwenye ile karatasi ya kopo, akazungusha. Laini ilikatika mara mbili. Mara ya tatu akapata mtu, akaomba mkubwa, akakataliwa, akaomba tena kwa sauti ambayo hata mimi ningemletea mkubwa.

Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema kila asiyefika ana hadithi yake, na hadithi hazijazi nafasi. Salme akasema huyu si mtoto wa hadithi. Wakavutana. Mwishowe yule mkuu akasema: aje Jumatatu saa tatu, na barua kutoka kwa waliopokea ujumbe, ieleze hasa nini kilitokea na nani alikosa. "Si barua ya kupakana mafuta, mama. Nikiona maneno ya kuzungukazunguka naitupa." Akakata.

Karatasi ikaletwa. Silvanus akaanza kusema habari za kazi yake, kwamba barua kama hiyo ikifika kwa meneja atafukuzwa, naye ana watoto. Salme akamkatiza, "Na huyu ana mtoto!" akaandika yeye kwanza, kwa kishindo, kalamu inatoboa karatasi. Alimaliza Quinter alipoingia, mikono bado ina povu. Mtoto aliposikia kilichotokea hakulia, alijifuta povu. Alipewa barua amsomee mamake.

Akasoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Karani Silvanus alipokea ujumbe Jumatatu wala hakuufikisha. Alidanganya kwa simu kuwa umefika. Na kwamba dukani, "kulitokea kutoelewana baina ya simu mbili."

Nanzala, ambaye tangu dukani hakuwa amepandisha sauti, akasimama.

"Simu ndio hazikuelewana?"

Akaisogelea meza.

"Simu iko na mkono, Mama Sumayya? Nani alitoa karatasi kwa msumari?"

Salme akafungua mdomo kumtaja Silvanus. Jina lilikuwa pale pale, tayari. Nanzala hakumpa nafasi.

"Huyu mimi simjui," akasema, akimwonyesha karani kwa kidole. "Huyu hata jina yangu hajui, ananiita namba. Mimi sikumwamini huyu. Niliamini wewe! Mwaka juzi nilitoka hapa na homa, nikatembea mpaka kwako, kusema tu 'nimeupata', kwa sababu ulisema karatasi haitoki. Sasa ya mtoto wangu ndio ikatoka? Ya mtoto wangu?"

Hasira yote ambayo Salme alikuwa amebeba kutoka mjini, wallahi, ilimgeukia mwenyewe. Alitaka kusema kulikuwa na wateja. Alitaka kusema alihakikishiwa. Akajisikia anataka kusema neno lile lile, "nilidhani," likiwa limeshafika kwenye ulimi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Sema, basi," Nanzala akamwambia. "Sisi unatusemesha."

"Niliitoa mimi," Salme akasema. "Jumanne saa kumi. Wewe hukuwa umekuja, Quinter hakuwa amekuja, hakuna aliyesema kitu mbele yangu. Niliitoa kwa mkono huu. Kosa ni langu, Nanzala."

Alingoja. Miaka yote hiyo alizoea, mtu akishaambiwa, hujibu, "Nimeupata." Nanzala hakujibu. Alichukua ile barua mkononi mwa bintiye, akaichana vipande viwili, akaweka mezani karatasi nyingine.

Salme akaandika upya, mara hii polepole, maneno yale yale aliyoyasema. Silvanus alimwangalia mpaka alipotia sahihi, kisha akavuta karatasi upande wake akaandika mistari mitatu ya kwake, bila rula. Hakuomba chochote tena.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Salme aliuza akiwa mkali hata kwa wasio na kosa. Aliirudisha ile karatasi ya kwanza kutoka kopo, akaitunga kwenye msumari wa Mkonge, kwa sababu kwa haki haikuwa imetoka. Aliyeuliza alijibiwa nunua uende.

Jumatatu saa nane mchana simu ikalia.

"Mama Sumayya? Ni Quinter. Mwambie mama nimechukuliwa. Naanza mwezi wa tisa. Mkuu aliisoma barua yenu mbele yangu, akaniuliza huyu Salme ni nani wako."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni mama wa simu yetu."

Salme akavuta kalamu. "Na ofisini? Umeshapiga na kule?"

"Sijapiga. Nimepiga hii moja tu."

Alifunga duka kwa mara ya pili ndani ya siku tano. Hakungoja mtu wa kumpa nakala. Pikapu ilimwacha njia panda, akatembea kilichobaki baina ya mistari ya mkonge, buibui linashikwa na miiba kila hatua, karatasi zote mbili kifuani. Nanzala alikuwa nje ya chumba chake kambini, ameinamia karai la nguo. Alimwona akaendelea kufua.

Salme akasimama mbele ya karai, hata salamu akaisahau, akasoma: Quinter amechukuliwa, anaanza mwezi wa tisa.

Mikono ya Nanzala ikatulia majini. Kisha akajinyoosha, akajipangusa uso kwa leso, na kusema, sauti ikimkatika katikati, "Quinter amechukuliwa. Anaanza mwezi ya tisa. Nimeupata."

Salme akaichana karatasi hiyo. Ile nyingine, ya Jumanne, ilibaki mkononi mwake. Hakujua aifanye nini, akaanza kuikunja aondoke nayo.

"Leta," Nanzala akasema.

Akaipokea kwa mkono uliolowa, akautazama mwandiko ambao hakuweza kuusoma.

"Na ile ulisema Alhamisi, kule ofisini," akasema. "Hiyo pia nimeupata."