Ulezi Usiuzwe

Nafundisha fasihi katika sekondari moja hapa Sumbawanga, na kila mwaka tukifika kwenye tanzia naandika ubaoni: kiangaza mbele. Ni ile dalili ambayo mwandishi anaidondosha mapema; hadhira inaiona, shujaa anaipita. Wanafunzi hucheka, wanasema shujaa kipofu. Zamani nilikuwa nacheka nao.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, nilitoka kwangu Kizwite, hapa mjini, kwenda kijijini kwetu Kaengesa kumsalimia baba. Nilimkuta amekonda, anakunywa uji tu, na akimeza anafumba macho. Nikamwambia twende hospitali. Akasema, "Kwanza ulezi. Mwaka huu usiuzwe hata debe moja. Nyumba hii itajaa watu."

Kwetu ulezi ukizuiwa hivyo ni wa pombe ya shughuli kubwa: harusi au matanga. Na mimi, msomi wa watu, nikarukia harusi moja kwa moja, kwa kuwa mdogo wangu wa kiume alikuwa hajaoa.

"Haa! Kumbe umeshampatia mchumba, unanificha!"

Baba akanitazama kidogo, akatabasamu. "Wageni watakuja," akasema. "Hospitali tutakwenda baada ya shughuli."

Nikakubali. Jamani, nilikubali! Nikarudi mjini nachagua vitenge vya sare, namtania mdogo wangu kwenye simu, "Bwana harusi, mambo?" Naye akiapa hajui lolote, mimi nikaona anajifanya tu.

Baba alipoletwa hospitali ya mjini, hata maji yalikuwa hayapiti. Daktari alinivuta pembeni, akaniambia ni saratani ya koo na imeshasambaa. Tungemwahisha, pengine wangejaribu tiba. Kisha hasira ikanipanda, hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Nikamrudia kitandani hata bila shikamoo.

"Baba, siku ile ulijua unaumwa hivi?"

"Nilijua."

"Na mimi naropoka harusi, harusi! Kwa nini hukunikatiza?"

Alijiinua kidogo kwenye mto.

"Tangu mama yako afariki sikuwa nimekuona ukicheka vile, mwanangu," akasema. "Nikaona nikuache kidogo."