Ndevu za Papa na Ndevu Zangu

Siku yangu ya kwanza katika jumba la picha hapa Landani, msimamizi wa zamu alinitazama kidevu kabla hajanikabidhi redio. Alikuwa mama wa Mombasa, na maneno hayakumpungua.

"Kaka, hizo ndevu ni za kulindia picha au za kufugia njiwa?"

Nilimweleza. Kwetu Kivu, wazazi wakifa, kifungua mimba hanyoi mpaka ndugu wote wakutane kumaliza matanga. Niliacha shule niwalee wadogo zangu wawili, kisha vita vikatutawanya. Wa kiume nilimpata. Furaha, kitinda mimba wetu, hakujulikana alipo.

"Pole. Lakini walinzi hapa hunyoa," alisema. "Mkuu akikuona hivyo, kazi huna. Haya, njoo uone chumba."

Ukutani, ndani ya picha, alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe, macho chini.

"Huyu alikuwa Papa. Ami yake, naye Papa, alimfanya kadinali akiwa kijana. Alipopata kiti mwenyewe, akapanda farasi kurudisha miji ya Kanisa. Leo yuko na Wafaransa, kesho anawageuka. Walipomnyang'anya mji mkubwa, akaapa hanyoi mpaka watoke Italia."

"Papa huyo au jemadari?"

"Vyote viwili, na hasira juu."

Mkuu wa walinzi, Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi, alitukuta hapo. Alisikiliza habari zangu, akamtazama Papa, akanitazama mimi. "Mpe chumba hiki," alisema. "Ila azichane."

Mama yule ndiye aliyenifundisha kazi. Mlinzi hutazama mikono ya wageni kuliko nyuso zao. Wala haondoki chumbani mpaka mwenzake aseme, "Nimekipokea." Nilihamishwa chumba cha picha za Waholanzi, nikawekwa mlangoni, nikarudishwa kwa Papa.

Miaka ilipita bila habari. Mdogo wangu alichoka. "Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita mkubwa kwetu, "tumalize matanga. Furaha hayuko tena. Hata Papa wako alinyoa kabla Wafaransa hawajatoka, wewe mwenyewe umeniambia."

"Papa alikuwa na majeshi," nilimjibu. "Mimi nina ndevu tu."

Jumapili moja, kanisani kwetu Tottenham, mama aliyetoka kambini Uganda alisimama kujitambulisha. Nilimuuliza habari za Furaha, kama nilivyomuuliza kila mgeni. Alikuwa jirani yake huko kambini.

Kumleta kulichukua muda. Alipofika, alininyoa mwenyewe jikoni, huku tukilia na kucheka. Kesho yake msimamizi alinizuia mlangoni: "Samahani baba, saa ya wageni bado." Aliponitambua, alinikumbatia mbele ya wote.

Nimestaafu sasa. Nawashukuru yeye na mkuu wetu, waliompokea mtu pamoja na msiba wake. Siku yangu ya mwisho kazini Furaha alikuja na bintiye, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimtazama Papa, akauliza babu huyo anamngoja nani.

"Wake simjui," Furaha alisema. "Wa mjomba wako nilikuwa mimi."

Kijana wa zamu akaingia. "Nimekipokea," alisema, nasi tukatoka.