Namba ya Kiwandani

Lori liliingia Buguruni saa nne asubuhi, limejaa misumari na mabati ambayo dukani kwetu hakuna aliyeyaagiza. Bwana stoo wetu, aliyekuja nalo kutoka ghalani Gongo la Mboto, aliapa kwamba oda ameiona kwenye kompyuta kwa macho yake, na karatasi aliyoichapa akaitoa mfukoni. Bosi akanigeukia mie.

"Wewe ndiye mwenye mitambo. Umetuma nini?"

"Sijatuma kitu, mzee."

Nilikuwa karani wa duka hilo la vifaa vya ujenzi, binti wa Temeke. Miaka ile ya tisini maduka yalifunguliwa kila kukicha, lakini laini ya simu uliomba ukaisubiri mpaka ukasahau kama uliomba. Bosi akaagiza modemu za redio, za kuunganisha kompyuta hewani bila waya wa simu: moja dukani, moja ghalani, ya tatu ya akiba. Fundi aliyezileta alisimamisha milingoti, akafunga antena, akaondoka. Kitabu cha maelekezo kikabaki kwangu kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Nilikisoma nyumbani, kamusi pembeni, ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa hiyo karatasi ile nilipoiona nilijua. Modemu zile hazikai kwenye masafa mamoja ya redio. Zinaruka, masafa haya, mara yale, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ya dukani na ya ghalani lazima ziruke kwa mpangilio mmoja kama wasichana wawili kwenye kamba moja. Mpangilio unauchagua wewe kwa namba, na mtandao wako nao unaupa namba yake. Fundi hakuchagua chochote. Aliziacha na namba zilizotoka nazo kiwandani. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama mmoja, mshindani wetu, aliyefungiwa modemu za aina hiyo hiyo na fundi huyo huyo.

"Oda hii ni ya mama wa ng'ambo," nikasema. "Ya kwake inaingia kwetu."

Nilitegemea bosi atafoka. Akaenda kufunga mlango.

"Kumbe anachoagiza tunaweza kukiona?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi badilisha hizi mbili, tusichanganyikiwe tena. Ile ya akiba iache na namba yake, uniungie kwenye kompyuta yangu mle ndani."

"Hizi mbili nabadilisha sasa hivi. Ile siiungi."

"Mashine ya nani?"

"Yako."

"Kazi ya nani?"

"Yako pia, mzee. Lakini kudukiza maneno ya watu sikuajiriwa."

"Yule mama shoga yako?"

Shoga wapi! Yule mama alikuwa akiniita kasichana ka kompyuta, na shikamoo yangu aliitikia akitazama kwingine. Sikumpenda hata kidogo. Ila nililelewa na bibi aliyetuchapa kwa kusikiliza mlangoni, na sikuona kwa nini mlango wa redio uwe tofauti.

Nikabadilisha ya dukani: namba mpya ya mtandao, namba mpya ya mpangilio. Zote nikaziandika kiganjani kwa kalamu, nikapanda lori lililorudisha mzigo ghalani. Kule nikaingiza namba zile zile. Taa ya modemu ikabaki nyekundu.

"Dada, umetuulia mawasiliano," akasema bwana stoo.

Nikatazama kiganja. Jasho lilikuwa limefuta nusu ya saba, nami nimeisoma moja. Nikaingiza saba. Taa ikawaka kijani, na bwana stoo akapiga kofi kama amefunga goli.

Niliporudi Buguruni sikuingia dukani kwetu. Nilivuka barabara.

"Shikamoo, mama. Modemu zako zina namba za kiwandani. Mwite fundi azibadilishe leo, oda zako zinasikika."

Safari hii alinitazama usoni. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Bosi wako anajua umekuja?"

"Atajua nikifika."

Nikamwambia bosi mwenyewe, nimesimama mbele ya meza yake. Hakunifukuza. Alinitoa kwenye kompyuta, akanipeleka kaunta. "Utapima misumari mpaka siku utakayoniomba radhi."

Nikapima. Vidole vikajaa kutu hata sabuni ikashindwa. Kwenye kiti changu akakaa mpwa wake. Yule mama akaniita kwake, akaniahidi kompyuta na chumba chenye feni. Nikamshukuru, nikamwambia sikuvuka barabara kutafuta kazi. Akaguna, lakini tangu siku hiyo shikamoo yangu aliiitikia vizuri.

Watu waliniona mjinga. Nilikaa kaunta mwaka mzima na zaidi, mpaka nilipoacha kwa hiari yangu, nikaanza kutengeneza kompyuta za watu nyumbani Temeke. Bosi aliingoja radhi yake mpaka siku ile ya mwisho.

Bwana stoo ndiye aliyenisihi sana. Kila akija na lori aliniegemea kaunta.

"Neno moja tu, dada. Sema samahani, urudi kwenye kiti chako."

"Samahani ya nini?"

Akafikiri. Kisha akaniinulia kiroba kingine cha misumari kwenye mzani.