Mgeni Aliyekula Sahani ya Chifu

Najua unavyonijua. Mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wa zamu ati nimechelewa kwa sababu punda milia walilala barabarani wakakataa kuamka. Sawa, hiyo nilitunga. Hii sijatunga. Ilitokea nyumbani kwetu Kitengela, nikiwa fomu tuu, jua likiwa bado halijaingia, na tulioiona tulikuwa mimi, mama na dada yangu mdogo Nafula. Kama mimi huniamini, muulize Nafula. Huyo hajui kudanganya hata kwa peremende.

Kwanza ujue Chifu ni nani. Chifu ni kasuku wetu, wa kijivu, mkia mwekundu, na macho ya kukudharau. Aliitwa hivyo kwa sababu hupenda kuhutubia watu ambao hawakuita mkutano. Alikuwa wa Kuka, yaani babu, baba yake mama, kule kwetu Kakamega. Kuka alipofariki, wajomba waligawana ng'ombe, mama akaomba ndege. Wakamcheka. Hawakujua anaomba nini.

Kila asubuhi, mama akifunga viatu aende kazini Nairobi, Chifu huita kutoka jikoni, "Nekesa, leta maji." Inatoka sauti ya Kuka yenyewe, na kikohozi chake mwishoni. Nekesa ni jina la mama la utotoni. Huku kila mtu humwita Mama Nafula, na kanisani ni Sista. Hakuna mwingine aliyebaki wa kumwita Nekesa. Umeona sasa? Sisi hatukuwa tunafuga ndege, tulikuwa tumemweka mzee. Chifu akifa, mama angemzika baba yake mara ya pili, na safari hii hangebaki na chochote cha kusikiliza.

Kuka alikuwa na desturi yake. Kila mwaka, ikifika siku aliyompata Chifu, alimwandalia karamu. Alisema mbegu kavu ni za kila siku, sherehe ni vitu vibichi. Aliandaa sahani mwenyewe na hakutaka mtu karibu, kwa hivyo mama utotoni aliiona tu kutoka mlangoni. Mwaka ule ulikuwa wa kwanza wa sisi kuiandaa, na mama aliamua itaandaliwa vizuri. Mimi siku yangu ya kuzaliwa hupewa soda moja, tena nigawane na Nafula. Lakini ndege aliletewa kikapu kizima.

Tulikata papai. Tulikata karoti nyembamba. Kulikuwa na hindi bichi, bado na nywele zake, na sukuma wiki niliyochuma nyuma ya nyumba nikaiosha mara mbili kwa amri. Kulikuwa na vipande vya tufaha, na pilipili kali nzima nzima, maana kasuku hula pilipili kama wewe unavyokula njugu. Chumvi hakuna, mafuta hakuna. Hiyo mama alikumbuka. Halafu katikati ya sahani akaweka avokado. Wewe unajua nyumba za kwetu: mgeni wa maana akija na hakuna avokado mezani, umemlisha kama mahabusu. Kwa hivyo mama alinunua ile kubwa kabisa, laini kama siagi, akaikata kama maua.

"Hiyo ndiyo aanze nayo," akasema.

Nilikuwa nimeshika mlango wa kizimba cha Chifu nimfungulie aje mezani. Ndipo tukasikia hodi.

Sikia hapa vizuri. Geti letu lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa msumari kando ya mlango, ninauona. Lakini hodi haikutoka kwa geti. Ilitoka barazani.

Alikuwa mama mzee, mfupi, koti la kijivu limefungwa hadi shingoni. Nyuma, chini ya koti, leso nyekundu ilichungulia. Alitembea vidole vya miguu vikiangaliana, na alipotaka kukuona vizuri aligeuza kichwa akakuangalia na jicho moja. Nilitaka kucheka. Kicheko kikakataa kutoka, na mimi kicheko hakijawahi kunikatalia hata mazishini.

Mama akamkaribisha, akamwita kukhu, nyanya. Na kwetu mgeni akikuta sahani mezani, yeye ndiye wa kwanza kula. Humwambii angoje. Humwambii hiyo ni ya mtu, sembuse ya ndege. Wali wetu ulikuwa bado jikoni unachemka, mezani kulikuwa na sahani ya Chifu peke yake. Mama akanitazama, nikamtazama, akaisukuma mbele ya mgeni huku anaomba msamaha kwamba chakula kiko njiani.

Mgeni hakujali. Alikula hindi punje moja moja, bichi. Alichukua pilipili nzima, akaitafuna, jicho halikulowa. Niamini, mimi nililowa kwa niaba yake. Kisha akashika kipande cha tufaha, akatoa zile mbegu nyeusi, akampangia Nafula mbele yake mezani kama anamfundisha kuhesabu. Nafula akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Ameelewa nini? Mpaka leo hasemi, lakini hajawahi tena kumpa Chifu tufaha lenye mbegu.

Na Chifu? Chifu ambaye humkatiza hata pasta akiomba? Alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya kizimba kama fomu wani mbele ya hedimasta.

Sahani ikabaki na avokado tu. Mgeni hakuigusa. Alisimama, akaibeba sahani hadi dirishani, akaimwaga nje yote. Mama alifungua mdomo. Nadhani alitaka kuuliza ni adabu gani hiyo. Mgeni akamgeuzia jicho moja.

"Nekesa," akasema, "hii inaua."

Mama aliketi. Nje ya nyumba yetu, hakuna mtu Kitengela nzima aliyejua jina hilo.

Aliposimama tena kumwekea chai, mgeni alikuwa ametoka. Nikachukua ufunguo nikakimbilia geti. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Nje ya ua wetu wakati huo kulikuwa mbuga tupu, nyasi zimeliwa mpaka udongo. Hata sungura hangejificha pale. Kwenye ile njia moja alikuwa akija Lemayian, mwanafunzi mwenzangu, na ng'ombe wao. Nikamsalimu kwa Kimaasai, sopa, akaitikia epa, nikamuuliza kama amekutana na nyanya wa koti la kijivu.

"Nyanya gani? Hakuna mtu," akasema. "Lakini we, fungieni kasuku wenu. Amepita hapa juu saa hii akiniambia niondoe ng'ombe njiani."

Nikamuuliza ameelekea wapi. Akanyoosha fimbo kwenye milima ya Ngong, jua linakotua, upande wa kwetu Kakamega.

Nilirudi ndani mbio. Chifu alikuwa ndani ya kizimba chake. Mlango ulikuwa umefungwa.

Wiki iliyofuata daktari wa mifugo alikuja kwa kina Lemayian. Nilimpelekea kisa hiki, akacheka sana, mpaka nikafika kwa avokado. Hapo aliacha kucheka. Akaniambia avokado humuua kasuku, na kipande kidogo tu kinaweza kutosha.

Mama huimba kwaya na haamini mizimu. Atakwambia huyo alikuwa mama fulani wa kanisa. Muulize basi mbona siku ya Chifu ikifika anaandaa sahani mbili, na mbona siku hiyo ananituma nitoe kufuli mapema. Na Chifu sasa ana sauti mbili. Asubuhi ni Kuka na maji yake. Lakini mtu akiingia kwetu na avokado, hata kama ameificha ndani ya mfuko chini ya sukuma, inatoka sauti nyingine, ile kavu ya yule mgeni wa barazani: "Nekesa, hii inaua." Wageni hudhani nimemfundisha mimi. Ningekuwa na uwezo huo ningemfundisha kunijibia hesabu.

Kwa hivyo wewe uliye na kasuku, mpe papai, mpe karoti, mpe pilipili mpaka achoke. Na siku unamkatia matunda, mtu wa koti la kijivu akibisha hodi, usimuulize amepitia wapi. Msogezee sahani, unyamaze, halafu uangalie anaacha nini.