Siku Tatu Bila Jembe

Jumatano, tarehe 12 Juni 2024. Asubuhi ukungu, mchana jua na vumbi.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kitongoji, kando ya barabara kuu inayotoka Rusumo. Mhandisi Recho Mashimba, binti wa Shinyanga, alibandika ramani ukutani. Akatuonyesha mahali patakapowekwa matuta na kivuko cha waenda kwa miguu: kituo cha mafuta, mita mia saba kutoka bombani tunapoteka maji.

Frednand Bizimana, mwenyekiti wetu, alisimama. Ana miaka sitini na mbili. Alikuwa seremala mpaka macho yalipodhoofika, na hasemi mbele ya watu kabla ya kuvua kofia. Aliivua.

"Dada yangu Adelfina hakufia kituo cha mafuta. Alifia bombani."

"Pole, mzee. Najua," Recho alisema. "Lakini tulihesabu wanaovuka kwa siku tatu. Kituo cha mafuta, mia tisa na kumi. Bombani, kumi na wanne."

Watu waliguna. Bomba liko ng'ambo ya barabara, na karibu mashamba yetu yote yako huko.

"Mlihesabu lini?" Frednand aliuliza.

"Tarehe kumi na nne Mei mpaka kumi na sita."

Frednand akakaa. Lori lilimgonga Adelfina tarehe 13. Kwetu mtu akifa, hakuna anayeshika jembe kwa siku tatu, mpaka matanga yaanuliwe, na anayetangaza ni mwenyekiti. Safari ile Frednand alitangaza kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona kwake. Shambani asiende mtu. Maji wateke vijana wachache kwa ajili ya kitongoji kizima. Atakayevunja atatoa debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tulipokuwa tukienda kuzika tuliwaona wageni wawili wameketi karibu na bomba, karatasi mapajani. Hakuna aliyewauliza wanaandika nini.

"Mwenyekiti ulitufungia ndani kama kuku wa mayai," alisema Esperansia, muuza ndizi mbivu.

Wachache walicheka.

"Nilifunga mimi," Frednand alisema.

"Lakini mzee, matanga yalishaanuliwa," Recho alisema. "Jana nilikaa pale tena kwa saa mbili. Watu bado wanazungukia kituo cha mafuta."

Projestus, mtoto wa marehemu, alijibu akitazama chini. "Mjomba, tangu tumzike mama hujavuka bombani hata siku moja. Unazunguka na jembe begani, na sisi tunakuona. Nani atakanyaga pale kabla yako?"

Frednand aliigeuza kofia mikononi.

Recho alikunja ramani taratibu. "Mpango unapelekwa wilayani Ijumaa. Maneno ya mkutanoni siwezi kuyachora. Kesho nitakaa bombani kutwa. Nitakachokiona ndicho nitakachokiandika."

"Basi mimi nitavuka mara kumi," Esperansia alisema.

"Mama, sura yako nimeshaikariri."

Safari hii watu walicheka kweli. Frednand alingoja wamalize.

"Asivuke mtu asiye na safari," alisema. "Mwenye shamba aende shambani. Mwenye dumu aende kuteka. Kama zamani tu."

Alivaa kofia akaenda nyumbani, na hata jioni ile alipita njia ya kituo cha mafuta.

Alhamisi, tarehe 13 Juni. Mwezi mmoja kamili tangu ajali, Frednand alifika barabarani mkabala na bomba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jembe begani. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama na madumu, hakuna aliyemsukuma wala kumsalimu. Ng'ambo, Recho alikuwa ameketi kwenye jiwe, kalamu mkononi. Frednand alivua kofia. Aliacha malori mawili yapite, akatazama kulia na kushoto, akatazama tena kulia, akavuka.

"Shikamoo, mzee," Recho alisema.

"Marahaba. Andika."

Hakugeuka nyuma. Alishika njia ya shamba la dada yake, ambalo lilikuwa limeota majani, akaanza kulima.